Mashine ya Kupima Macho ya Watoto Nayo Ipimwe

Maneno ya afisa anayesimamia huduma za macho katika kaunti, aliyoyatoa mbele ya wazazi na walimu wa chekechea kwenye baraza la wadi.

  Niruhusuni niende moja kwa moja kwenye swali lililonileta.

Katika baraza lililopita mzazi mmoja alisimama akasema ameona kwenye simu mashine inayofanana na kamera. Mtoto anaitazama sekunde moja au mbili, kisha majibu yanatokea: huyu macho yake ni sawa, huyu apelekwe hospitalini. Akauliza, na wengi mkapiga makofi, kwa nini kaunti isinunue mashine hizo, moja kwa kila wadi, ili watoto wote wa chekechea wapimwe kabla ya kuingia Gredi ya Kwanza.

Swali hilo ni halali. Katiba ya 2010 imeiachia kaunti elimu ya chekechea, na zahanati na hospitali za kaunti pia ni zetu. Hatuwezi kusema ni kazi ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe naitamani mashine hiyo pengine kuliko yeyote aliye hapa. Lakini nimeiomba idara isinunue hata moja kabla haijapimwa kwa watoto wetu wenyewe, na leo nimekuja kuwaeleza sababu.

Kwanza, kwa nini tuna haraka. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mvulana wa miaka 9 aliyegongwa na mpira kwenye jicho la kulia. Jicho lilivimba likafunga, na mama yake akashtuka kuona mtoto anapapasa ukuta akitembea. Jicho la kulia lilipona baada ya siku chache. Tatizo lilikuwa la kushoto. Halikuwa limegongwa na kitu, halikuwa jekundu, halikuwa limepinda, lakini halikuwa linaona vizuri tangu utotoni. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwa sababu jicho moja lilikuwa likifanya kazi ya mawili.

Hilo ndilo wengine huliita jicho zembe. Jicho la mtoto halijui kuona siku anayozaliwa. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya kwanza. Jicho moja likileta picha yenye ukungu na jingine likileta picha safi, ubongo huchagua ile safi na kuacha kulisikiliza lile jingine. Sababu huwa ni tofauti kubwa ya nguvu kati ya macho mawili, au makengeza, au kitu kinachozuia mwanga kama mtoto wa jicho. Tiba si ya ajabu: miwani, na mara nyingi kuliziba jicho zuri kwa saa chache kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Tiba hiyo hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafika miaka 7. Baada ya hapo bado tunajaribu, lakini tunachopata huwa kidogo. Mvulana yule tulimpa miwani na tukaziba jicho. Jicho la kushoto lilipata nafuu kiasi, basi.

Sasa, mtoto wa miaka 3 au 4 ni vigumu kumpima. Hajui herufi. Anaona haya. Ukimfunika jicho moja anachungulia kando ya kiganja, na wewe unaandika kwamba anaona vizuri. Ndiyo maana mashine isiyohitaji mtoto ajibu chochote inavutia sana.

Inafanyaje kazi? Mpimaji husimama karibu mita moja kutoka kwa mtoto. Mashine hutoa taa ndogo na sauti za kumvuta atazame, na wakati huohuo hutuma mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Mwanga huo hupita kwenye mboni, hugonga nyuma ya jicho na kurudi. Wale ambao mmewahi kupigwa picha usiku mkatoka na macho mekundu, huo ni ndugu yake. Kamera husoma jinsi mwanga unaorudi ulivyojaa ndani ya mboni, na kutokana na hapo hukadiria mtoto angehitaji miwani ya nguvu gani, na kama macho yote mawili yanatazama upande mmoja.

Angalieni neno nililotumia: hukadiria. Mashine haipimi mtoto anaona nini. Inatafuta hali zinazoweza kumletea jicho zembe, kisha inalinganisha na mstari uliochorwa na waliyoitengeneza: aliyevuka mstari apelekwe, asiyevuka aende nyumbani. Mstari huo unaweza kusogezwa. Ukiushusha, utawanasa wengi, pamoja na wazima wengi. Ukiupandisha, hospitali itapumua, lakini kuna watoto watakaopita wakiwa na tatizo. Muuzaji akikwambia mashine yake ni sahihi bila kukuonyesha mstari uko wapi, bado hajakwambia kitu.

Nimeshapokea karatasi za mauzo zenye asilimia kubwa kubwa. Hebu tufanye hesabu pamoja, na hii ni ya mfano tu, si takwimu za kaunti yetu. Tuseme tuna watoto 1,000 wa chekechea, na kati yao 50 wana tatizo la kweli. Nikichukua kipande cha mbao, nikakiinua mbele ya kila mtoto na kusema "sawa, pita", nitakuwa nimesema kweli kwa watoto 950. Mbao yangu ni sahihi kwa asilimia 95! Na haijampata hata mtoto mmoja mwenye shida.

Kwa hivyo lazima tuulize mambo mawili mbalimbali. Kati ya wenye tatizo, imewanasa wangapi? Na kati ya wazima, imewaacha wangapi waende zao? Turudi kwa watoto wetu 1,000. Mashine ikinasa wenye tatizo 80 kwa kila 100, itawapata 40 kati ya wale 50, na 10 watakwenda nyumbani na karatasi inayosema wako sawa. Ikiwaacha wazima 90 kwa kila 100, basi kati ya wale 950 itawatuma hospitalini 95 wasio na shida. Jumla waliotumwa ni 135, na wenye tatizo la kweli ni 40. Yaani kwa kila wazazi watatu au wanne watakaolipa nauli kwenda hospitalini, mmoja tu ndiye mtoto wake anahitaji tiba. Hao wengine wakirudi kijijini watasema nini kuhusu mashine? Na mwaka ujao, mtoto wa jirani akiandikiwa karatasi, atapelekwa?

Hesabu hiyo haisemi mashine ni mbaya. Inasema tujue namba zetu kabla ya kulipa.

Kuipima mashine ni rahisi kueleza, kufanya ndiko kugumu. Mtoto anapita mbele ya mashine. Kisha mtoto huyohuyo anaonwa na mtaalamu wa macho ambaye hajaambiwa mashine ilisema nini. Hili la kutoambiwa si dharau kwa mtaalamu. Mimi nikijua mashine imemtilia shaka mtoto, nitamwangalia kwa bidii zaidi, na nitakuwa naisaidia mashine bila kukusudia. Mtaalamu anatumia matone ya kupanua mboni na kulegeza msuli wa jicho. Bila matone, mtoto mdogo anaweza kukaza jicho na kuficha tatizo la kutoona vizuri karibu, na mashine hudanganywa hivyohivyo. Kisha tunalinganisha majibu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huwapeleka kwa mtaalamu watoto waliokamatwa na mashine peke yao, kwa sababu ni wachache na ni rahisi kuwafuata. Ukifanya hivyo utajua mashine ilipiga kelele bure mara ngapi, lakini hutajua kamwe ilinyamaza wapi. Wale 10 wa mfano wetu hawaonekani. Kwa hivyo tumependekeza kila mtoto aliyekamatwa aonwe, na katika waliopita tuchague kwa kura mmoja katika kila kumi, naye aonwe vilevile. Naomba wazazi mlielewe hili mapema. Siku mtoto wako mzima ataitwa kuwekewa matone, usidhani tumemficha ugonjwa. Jina lake limetoka kwenye kura, na una haki ya kukataa.

Kuna kundi jingine ambalo ripoti nyingi hulitupa: watoto walioshindikana. Huyu alilia, yule hakutulia, huyu mboni ni ndogo mno mashine ikakataa kusoma. Mkiona ripoti inasema "kati ya waliopimika", ulizeni wasiopimika ni wangapi. Nchini Marekani ilionekana kwamba watoto wa chekechea walioshindwa kupimika walikuwa na matatizo ya macho mara nyingi zaidi kuliko waliopimika. Kwetu, aliyeshindikana ahesabiwe kama aliyekamatwa.

Nimetaja Marekani kwa sababu huko walifanya jaribio zuri la aina hii. Utafiti huo, unaofahamika kwa jina Vision in Preschoolers, ulichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 2004. Walichukua watoto 2,588 wa miaka 3 hadi 5 kutoka mpango wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo, wakalinganisha njia 11 za kupima na uchunguzi kamili wa mtaalamu. Jambo la busara walilofanya ni kuiweka mistari yote mahali pamoja: kila njia ilipangwa iwaache wazima 90 kwa kila 100, halafu ndipo wakaangalia imenasa wenye tatizo wangapi. Mashine mbili za kushikwa mkononi zilizofanya vizuri, Retinomax na SureSight, zilinasa 63 kwa kila 100. Mashine mbili za kupiga picha zilinasa 37 tu. Na kadi ya picha za Lea, kadi ya karatasi isiyo na betri, ilinasa 61.

Niwe mwadilifu kwa mashine. Zile ni za miaka ishirini iliyopita, na za leo ni tofauti. Tena njia bora katika utafiti ule zilinasa karibu watoto 90 kwa kila 100 wenye hali nzito zaidi, zile ambazo hatutaki kabisa zitupite. Lakini mwalimu wa chekechea aitazame ile 61 tena. Kadi ya Lea ina picha nne: tufaha, nyumba, duara na mraba. Mtoto hahitaji kusoma. Anaonyesha kwa kidole picha inayofanana na ile anayoiona. (Watoto wa huku wakiliona lile tufaha wengi husema ni nyanya. Haidhuru, mradi aseme nyanya kila mara.) Watoto wetu wa PP1 na PP2 wana miaka 4 na 5, umri ambao kadi huanza kufanya kazi. Mashine ina faida kubwa zaidi kwa mtoto mdogo kuliko hapo, asiyeweza kulinganisha picha. Hata hivyo jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya kinga lilisema mwaka 2017 kwamba watoto wa miaka 3 hadi 5 wapimwe angalau mara moja, na kwamba kwa walio chini ya miaka 3 ushahidi bado hautoshi. Basi katika jaribio letu mashine isishindane na hewa. Ishindane na mwalimu mwenye kadi aliyefundishwa vizuri.

Mtaniuliza, kama Marekani wameshapima, sisi tunarudia nini? Sababu ya kwanza ni macho yenyewe. Mashine hizi husoma mwanga unaorudi kutoka nyuma ya jicho, na kiasi kinachorudi hubadilika kutegemea rangi ya huko nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba makadirio ya upimaji wa namna hii hutofautiana kati ya watu wa asili mbalimbali. Mashine iliyorekebishwa kwa macho ya watoto wa nchi moja inaweza kuwa na mstari uliosogea kidogo kwa watoto wa hapa. Kidogo au kikubwa, tutajua kwa kupima.

Sababu ya pili ni jua. Mashine inataka chumba chenye mwanga hafifu, mboni ipanuke. Pia jua lenyewe lina infraredi nyingi. Nimewahi kujaribu moja katika darasa la mabati lisilo na vioo, saa tano asubuhi, ikawa inakataa mtoto baada ya mtoto. Tulipotundika mablanketi madirishani ikakubali, lakini joto likawa la kuoka mkate na watoto wakaanza kulia. Muuzaji alikuwa ameionyesha ndani ya ukumbi wa hoteli. Kwa hivyo jaribio letu lifanyike katika madarasa tuliyo nayo, na mashine ishikwe na watu watakaoishika baadaye, si mtaalamu kutoka Nairobi.

Sasa tuseme mashine imefaulu yote hayo. Bado kuna swali moja, na jibu lake lilipatikana hapahapa Kenya. Katika Kaunti ya Trans Nzoia watafiti walichukua shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walimu ndio waliopima. Katika shule 25 walitumia kadi ya kawaida ya herufi E na barua ya karatasi ya rufaa. Katika nyingine 25 walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Si mashine ya infraredi hii tunayoizungumza. Ni simu inayoonyesha herufi E na mtoto anaelekeza kwa mkono. Lakini pamoja na simu, mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu, na akakumbushwa kwa ujumbe mfupi.

Kwa njia ya zamani watoto 366 waliambiwa waende hospitalini, wakafika 82 ndani ya wiki 8. Kwa njia ya simu waliambiwa 531, wakafika 285. Ni asilimia 22 dhidi ya 54, tofauti kubwa sana. Mimi hufurahia namba hizo kila nikizisoma, halafu huhuzunika. Kwa sababu hata kwa njia iliyofaulu, karibu nusu ya watoto hawakufika.

Mashine inaweza kumnasa mtoto kwa sekunde mbili, na karatasi ikalala kwenye mkoba wa shule mpaka inyeshewe. Ndiyo maana katika pendekezo letu tumetaka tuhesabu mpaka mwisho: aliyekamatwa, aliyefika, aliyepewa miwani, na ambaye miezi sita baadaye bado anaivaa. Kliniki ya macho iwatembelee wenye rufaa karibu na shule kwa siku iliyotangazwa, badala ya kila mama kutafuta nauli peke yake. Na bei ya miwani iingie kwenye bajeti kabla ya bei ya mashine. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mashine tano na mashine moja pamoja na miwani ya mwaka mzima, nitachukua hiyo moja bila kufikiri mara mbili.

Picha na majibu ya mtoto wako ni mali ya faragha chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Utaombwa idhini kwanza, na kampuni ya mashine haitaruhusiwa kuondoka na majina ya watoto wetu.

Lakini kuna mambo yasiyongoja mashine yoyote. Ukiona doa jeupe linang'aa ndani ya mboni ya mtoto, iwe ana kwa ana au kwenye picha ya simu, usingoje siku ya kupimwa shuleni. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na siku chache zina maana. Nenda kituo cha afya leo, useme waziwazi ulichoona. Jicho likipinda, hata mara mojamoja, mlete. Makengeza si urembo, na hayaishi yenyewe mtoto akikua. Ukimfunika mtoto jicho moja akatulia, ukifunika jingine akalia na kusukuma mkono wako, mlete. Na hata mtoto aliyepitishwa na mashine, ukiona jambo lisilokuridhisha, mlete. Karatasi ya mashine haikufungi mdomo.

Mwisho ni kuhusu yale matone, maana najua mtaulizana mkifika nyumbani. Yanawasha kidogo yakiingia. Mboni itakuwa kubwa, mtoto ataumizwa na jua na hataona vizuri vitu vya karibu, kwa kawaida kwa siku hiyo na pengine mpaka kesho yake. Kwenye macho yetu meusi dawa huchelewa kufanya kazi, kwa hivyo mtasubiri, na mara nyingine tutaongeza tone la pili. Mleteni na kofia, na uji wa kutosha. Naona mikono imeshaanza kuinuka pale nyuma. Tuanze na mama mwenye leso ya kijani.